Mama Inchi Ajipima Upya

Kuna mafundi wanaompima mteja kila anapokuja. Mama Inchi aliona huko ni kupoteza muda. Yeye alikupima mara moja tu, akaandika kwenye daftari kubwa la mistari kifua chako, kiuno, nyonga na urefu, basi. Siku nyingine ukitaka gauni, piga simu, gauni litakatwa. Ukija kulijaribu likagoma kupanda nyongani, usimtazame yeye.

"Mimi nimeshona mwili ulioniletea," alikuwa akisema huku amebana pini tatu mdomoni. "Kama umeubadilisha huko njiani bila kuniambia, unanilaumu nini?"

Lakini kwa sababu anawajua watu na matumbo yao, kila nguo aliikata na nusu inchi ya ziada kila upande. Akiba ya mshono, aliiita. Na kwa jinsi alivyokuwa tayari kugombana na yeyote kwa ajili ya hiyo nusu inchi, wateja wakambandika jina la Mama Inchi, likamganda mpaka mumewe mwenyewe akalizoea.

Alishonea kwenye chumba kimoja kilichotazama barabara, pamoja na fundi wa suti aliyeitwa Kifungo kwa ufupi na uduara wake. Vyerehani viwili, meza moja ya kukatia, pasi moja, kioo kimoja chenye ufa. Miaka kumi na minne walikaa humo wakisemana kutwa kucha, wala hakuna aliyewahi kumnunia mwenzake zaidi ya nusu saa.

Mwaka alioingia hamsini na mbili, utumbo wake ulijifunga. Alikaa na maumivu siku tatu akijidai ni gesi, siku ya nne akabebwa. Madaktari wakakata kipande kibovu, na ncha ya utumbo uliobaki wakaitoa nje kupitia tumboni, upande wa kushoto chini ya kitovu. Tundu hilo huitwa stoma. Choo hakikupita tena kule kilikozoea. Kilitokea hapo, bila kuomba ruhusa, kikaingia kwenye mfuko ulionatishwa kwenye ngozi kwa kibandiko chenye tundu katikati. Mfuko ukifika theluthi unamwagwa. Baada ya siku kadhaa kibandiko kinabanduliwa, ngozi inaoshwa, kinawekwa kingine.

Haya yote yalieleweka na kila mtu nyumbani isipokuwa mwenye tumbo. Yeye hakutaka kulitazama. Ukifika wakati wa kubadilisha alilala chali, akageuzia uso ukutani, akahesabu misumari ya dirisha. Kazi aliiachia wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Shule zilipofungwa alikuja kwa wiki mbili, akaishia kukaa sita. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo usiopoa. Alibandua, aliosha, alikausha, alibandika, na muda wote huo alisimulia habari za sufuria za shuleni, kwa hiyo Mama Inchi alijikuta anajua ugomvi wa jikoni kwao kuliko hali ya tumbo lake mwenyewe.

Mafunzo wifi aliyapata hospitalini, na yaliyobaki aliyapata kwenye simu. Maana kabla hawajatoka wodini, muuguzi wa kitengo cha stoma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliichukua simu ya Mama Inchi akaitia programu ya masomo. Ndani yake mlikuwa na video fupi fupi, muuguzi yuleyule akieleza hatua moja baada ya nyingine: namna ya kupima, kukata, kuosha, kula nini, ngozi ikiwasha ufanye nini. Mlikuwa pia na mahali pa kutuma picha na kuuliza, naye akajibu. Wifi alizitazama zote, nyingine mara tatu. Mwenye simu aliendelea kuitumia kutazama mishono ya mikono ya magauni.

Mwisho wa likizo ukafika. Asubuhi moja wifi alikuwa anakunja mashuka, akasema bila kuinua macho, "Keshokutwa narudi kazini, wifi. Wale watoto wakifika wakute uji."

"Keshokutwa?"

"Ulidhani nimeolewa na wewe?"

Mama Inchi akatazama mezani, akatazama mlangoni, hakuona mtu wa kuishika kazi ile. Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala, mtu mwema lakini akiona damu ya kuku tu anatafuta pa kuegemea.

Jioni hiyohiyo Kifungo akaja kumjulia hali. Aliketi ukingoni mwa kiti akizungusha kofia mikononi, na Mama Inchi akajua kuna neno.

"Sema, Kifungo. Utaitoboa hiyo kofia."

"Dada, sare za shule zimetujia. Sketi mia na ishirini, na mashati yake. Mimi na sketi tunatazamana tu kama maadui."

"Najua. Sketi zako zinatembea upande."

"Kuna binti mmoja wa mtaa wa nyuma anashona vizuri. Anatafuta mahali pa kuweka kiti." Akakohoa. "Sijampa neno. Nimemwambia nitamjibu Jumatatu. Ukija Jumatatu na ukaweza kukaa kutwa, kiti ni chako kama siku zote. Usipoweza, dada, sitakudanganya. Siwezi kusema hapana kwa shule nzima."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma. Ubaya angeujibu.

"Jumatatu ya nini," akasema. "Mimi nakuja Alhamisi."

Usiku ule hakulala sana, na kulipokucha alikuwa ameshakata shauri. Kama ni tundu la kukata kwenye kibandiko, nani katika nyumba ile ana mkasi kumshinda? Akamwambia wifi alete boksi la vifaa. Vibandiko vilikuwa vinane, ndivyo vilivyobaki vya kutumia mwezi mzima. Akaleta na daftari lake la wateja, akafungua ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameandika humo kipimo alichokisikia hospitalini, siku muuguzi alipomkatia kile cha kwanza: milimita thelathini na nane. Akakigeuza kwa lugha yake: inchi moja na nusu.

"Na alisema tuache nafasi kidogo kuzunguka, nilimsikia," akasema.

"Kidogo, wifi. Kidogo kama unene wa kucha. Halafu simu inasema upime kila mara kabla ya kukata. Kuna kadi yake humo, ina matundu ya kila saizi."

"Simu imeanza kushona lini?"

"Haijaanza. Ila na wewe hujawahi kukishona hiki."

"Kipimo ninacho. Akiba naijua. Wewe rudi kwenye uji wako."

Akavipanga vibandiko mezani kama vipande vya kola, akachora duara kwa chaki, akaongeza akiba yake, akakata vyote vinane kwa mara moja kama anavyokata sare. Haki yake apewe: yalikuwa maduara mazuri, hayana meno wala kona. Wifi akayatazama, akafungua mdomo, akaufunga. Hilo halikuwa jambo la kila siku.

Jumatano wifi akaondoka. Kabla ya kwenda alimsimamia Mama Inchi akabadilisha mwenyewe kwa mara ya kwanza, na Mama Inchi akafanya yote kwa kupapasa, macho dirishani. Kibandiko kikakaa. Wifi akasema, "Kimekaa, lakini hujaona kimekaa wapi," akabeba mfuko wake.

Ikaanza kuwasha jioni. Akadhani ni ngozi kavu, akachukua mafuta ya mgando, akabandua kidogo pembeni, akapaka, akabandika tena. Nani asiyejua kwamba mafuta hulainisha ngozi?

Alhamisi alifika kazini mapema kuliko Kifungo. Alikikuta kiti chake kina vumbi, akakipangusa. Akakitia cherehani mafuta, akazungusha gurudumu, akausikia ule mlio wake wa kutafuna, akafurahi kiasi kwamba ilimbidi amkaripie Kifungo alipoingia ili furaha isionekane. Mpaka saa nne alikuwa amemaliza sketi tano. Kuwasha kulikuwa kumegeuka kuungua, lakini aliuma meno.

Saa tano akaingia mwalimu mkuu wa shule yenyewe, amekuja na kitambaa cha gauni lake mwenyewe, mbali na sare, apimwe. Mama Inchi akasimama, akamzungushia futi kifuani, akainama apate kiuno. Alipoinama alisikia kitu kimeteleza. Halafu uvuguvugu, ukishuka pajani polepole.

Alijua kabla hajatazama. Kwenye blauzi yake ya rangi ya maziwa, doa lilikuwa linakua. Harufu ikafuata, na chumba kile hakikuwa na pa kuificha.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mzima. Alitazama saa, akasema amesahau mkutano, akatoka bila haraka. Kifungo akachukua kitambaa cha bitana, mita mbili nzima za kijivu, akamtupia mabegani bila kumtazama usoni.

"Nenda nyumbani, dada. Mimi nitafagia."

"Hakuna cha kufagia."

"Basi nitafagia hivyohivyo."

Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, amejifunga bitana ile kama bibi harusi wa kijivu. Njiani, moyoni mwake, alikuwa ameshampa binti wa mtaa wa nyuma kiti, cherehani na pasi. Alikuwa amepanga hata namna ya kumwambia Kifungo: kwa mkato, bila machozi, na kumwachia bitana yake imefuliwa.

Mumewe alikuwa kazini. Nyumba ilikuwa kimya. Aliingia bafuni, akafunga mlango, akavua kila kitu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kibandiko kilikuwa kinaning'inia upande mmoja. Sasa hakukuwa na wifi, wala dirisha lenye misumari ya kuhesabu. Bafuni mlikuwa na kitundu cha hewa tu. Ilibidi mtu alitazame lile tumbo, na mtu aliyekuwepo ni yeye.

Akaitazama simu kwanza. Aliiegemeza kwenye sahani ya sabuni, akatafuta ile programu, akabonyeza somo la kwanza. Sura ya muuguzi ikatokea.

"Tuanze kwa kuangalia," ikasema sauti ile ya taratibu. "Usiogope. Iangalie rangi yake. Iwe nyekundu au ya waridi, na iwe na unyevu, kama ndani ya shavu lako."

"Nisiogope," Mama Inchi akamwambia. "Wewe umekaa ofisini."

Lakini akainamisha kichwa, akatazama.

Ilikuwa ndogo. Hilo ndilo lililomshangaza. Wiki zote hizo, ukutani alikogeuzia uso, alikuwa amejichorea jidude. Hiki kilikuwa kifundo chekundu, kinang'aa, kimetulia, kama kifungo kikubwa cha koti. Kilichotisha ni ngozi iliyokizunguka: imebabuka, imekuwa mbichi, utepe mwekundu kuzunguka pande zote.

Akasogeza somo kwa kidole. Kidole kilikuwa na maji, simu ikakataa. Akajaribu kwa kiwiko, ikampeleka kwenye somo la vyakula. Akaishia kuibonyeza kwa ncha ya pua, na kama kuna mtu angemwona hivyo, uchi juu ya ndoo, akiibusu simu, ingekuwa ndiyo habari ya mtaa mpaka mwakani. Pua ikafanya kazi. Somo la ngozi likafunguka. Mwishoni muuguzi akasema: kama ngozi yako iko hivi, usibandike chochote kwanza, tuma picha.

Picha ya tumbo! Alikuwa mwanamke aliyemwambia hata daktari ageuze uso. Halafu akafikiria kiti, na sketi sita nyingine alizoziacha zimekatwa, zikimngoja. Akakausha mikono, akapiga picha mbili, ya kwanza ikawa ya dole gumba, ya pili ikawa tumbo. Akatuma. Akaweka kitambaa safi pale, akasubiri, na alipoona kusubiri kunachosha akaanza kufua bitana ya Kifungo.

Haikupita nusu saa muuguzi akapiga simu.

"Mama, habari za leo? Nimeiona picha yako. Pole, hiyo inauma."

"Inauma, sista. Sikuja kulia lakini."

"Sawa, hatutalia. Nionyeshe na kibandiko ulichotoa." Mama Inchi akamtumia picha yake. "Mama, nani amekukatia hiki?"

"Mimi mwenyewe. Kwani kina kasoro gani? Duara lake limenyooka kuliko la hospitali."

"Duara ni zuri sana. Ila hilo tundu angepita mtoto." Muuguzi hakucheka, lakini sauti ilikuwa inajizuia. "Ulipima lini?"

"Kipimo kipo daftarini. Thelathini na nane, ulinipima wewe mwenyewe."

"Hiyo ni wiki sita zilizopita. Hapa umekata kama milimita sitini."

"Akiba ya mshono."

"Akiba ya nini?"

Mama Inchi akamweleza. Nusu inchi kila upande, kwa sababu miili ya watu haitabiriki. Muuguzi akamsikiliza mpaka mwisho, na sasa alicheka kweli, kicheko cha mtu ambaye ametafuta kosa kila mahali akalikuta mahali ambapo hakuna mgonjwa aliyewahi kuliweka.

"Ndiyo maana, mama. Ile ngozi uliyoiachia akiba ndiyo inayoliwa na choo. Huku hakushonwi, kwa hiyo hakuna kinachokunjwa ndani. Unaacha milimita mbili tu, kama unene wa sarafu. Na jambo la pili: baada ya upasuaji, stoma inakuwa imevimba. Kila wiki inanywea, mpaka kama mwezi wa pili ndipo itulie. Huyo mteja wako amepungua, na wewe unaendelea kumshonea nguo ya zamani."

Mama Inchi akainama, akakitazama tena kile kifundo. Katika miaka thelathini ya ushonaji hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo.

"Kamepungua bila kuniambia," akasema.

"Ndiyo maana tunakapima. Ulipaka mafuta?"

"Nani kakwambia?"

"Pembeni panang'aa. Gundi haishiki kwenye mafuta, mama. Maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, pakauke kabisa, basi. Hivyo vibandiko vingine umevikata vyote?"

"Vyote vinane," akasema, na sauti ikapungua. "Nilikata kwa mkupuo."

"Viweke. Mtume mtu dirishani kwangu kabla ya saa kumi, nitampa vipya na unga wa kutuliza ngozi. Lakini kukata utakata wewe, kimoja kimoja, na kila kimoja unapima kwanza. Kadi unayo?"

Kadi ilikuwa chini kabisa ya boksi, haijaguswa. Wakati muuguzi bado yuko kwenye simu, Mama Inchi aliyashusha matundu yake moja baada ya jingine juu ya kile kifundo chekundu. Thelathini na nane, kikaogelea. Thelathini na tano, thelathini na mbili, kikaogelea. Ishirini na nane ikakaa.

"Ishirini na nane," akasema.

"Kwa hiyo unakata ngapi?"

"Thelathini." Kisha, kwa sababu mazoea hayafi siku moja, "Au thelathini na moja?"

"Mama!"

"Thelathini, sista, thelathini. Usinipigie kelele, niko uchi."

Mumewe, baada ya kupigiwa simu, alitoroka kazini mchana, akaleta kifurushi, akakipitisha kwenye upenyo wa mlango wa bafuni kwa mkono mmoja, macho ameyafumba kabisa. "Mama, nimeambiwa nikwambie unyunyize unga kidogo, ukung'ute uliozidi," akasema nje ya mlango.

"Nimesikia. Fumbua macho, utajigonga."

Akajigonga.

Kubadilisha kule kwa kwanza kulimchukua saa nzima na dakika zake. Alisimamisha somo mara kumi na mbili kwa pua. Alikata, akapima tena, akapunguza ukingo kwa mkasi mdogo wa vifungo. Alibandika kuanzia chini kwenda juu, akafunika kwa kiganja ili joto la mkono lishikishe gundi, kama alivyoambiwa, na ile dakika moja ya kushika tumbo lake mwenyewe ndiyo aliyoiona ndefu kuliko zote. Macho hayakwenda popote.

Ijumaa kuungua kulipoa. Jumamosi akatuma picha nyingine. Muuguzi akajibu kwa maneno mawili: inapona, endelea. Wifi akapiga simu kutoka jikoni shuleni, sufuria zikigongana nyuma yake.

"Vipi, wifi, vinakaa?"

"Vinakaa. Nilipima."

"Ulifanya nini?"

"Nilipima, nimesema. Umekuwa kiziwi huko kwenye uji?"

"Hapana, nilitaka tu kulisikia mara mbili," wifi akasema, na kwa kicheko alichokiangua, Mama Inchi ilibidi aisogeze simu mbali na sikio.

Jumapili alibadilisha kwa dakika ishirini na tano.

Jumatatu alivaa blauzi nyeupe. Angeweza kuvaa nyeusi, na mumewe alimshauri hivyo, akajibiwa kwa jicho. Kwenye mkoba alitia kibandiko kimoja kilichokatwa, mfuko mmoja, vitambaa na kanga ya kujifunga, kwa sababu ushujaa ni kitu kimoja na kukosa akili ni kitu kingine. Alifika, akamkabidhi Kifungo bitana yake, imefuliwa na kupigwa pasi, akaketi.

Kifungo alishona kola moja ya suti asubuhi nzima, mshono uleule akiufumua na kuurudia, sikio lote kwa jirani. Saa nne Mama Inchi akainuka na mkoba, akaenda msalani nyuma ya nyumba, akamwaga mfuko ulipofika theluthi, akafuta mdomo wa mfuko, akaubana, akarudi. Saa saba hivyohivyo. Kibandiko kilikuwa kimekaa kana kwamba kilizaliwa pale. Katikati ya safari hizo sketi ziliongezeka: tisa, kumi na nne, ishirini na moja.

Alasiri mwalimu mkuu akarudi, kitambaa cha gauni mkononi, akasimama mlangoni kama mtu asiyejua kama amealikwa.

"Ingia, mwalimu," Mama Inchi akasema. "Mkutano umekwisha?"

"Umekwisha."

"Mrefu huo. Njoo nikupime."

Akazungusha futi kifuani, akainama kiunoni, akakaa ameinama muda mrefu zaidi ya uliohitajika na kiuno kile. Hakuna kilichoteleza. Alipoinuka, Kifungo alikuwa ameacha kujidai anashona.

"Unanitazama nini?" akamuuliza.

Kifungo akachukua simu yake, akatoka hadi kizingitini, akageuza mgongo. Lakini chumba kilikuwa kidogo na yeye hakuwahi kujua kunong'ona.

"Binti, habari za kutwa? Ni Kifungo, fundi. Nilisema nitakujibu Jumatatu." Akasikiliza. "Hapana, mwanangu. Tafuta mahali pengine. Hapa kiti kina mwenyewe."